Kadi Haikuwa Imekufa

Kwa siku nne niliishi na mtuhumiwa nyumbani kwangu. Ni mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha sita na kukaa kwetu akisubiri kuingia chuoni. Kosa lake ni kwamba wiki moja kabla alifungua sanduku la kompyuta yetu ya mezani na kupangusa vumbi. Jumamosi umeme ulikatika, ukarudi jioni, na tangu hapo kompyuta ile haikuuona tena mtandao wa nyumbani. Simu zote ziliuona. Sikuhitaji ushahidi zaidi.

“Umeigusa kadi,” nilimwambia. Alijibu kwamba alisafisha feni tu. Nikampiga marufuku kuikaribia mashine. Na ni mimi huyu ninayesimama mbele ya wanafunzi kila muhula kuwafundisha kwamba mtu hahukumiwi kabla ya kusikilizwa.

Kadi yenyewe ni kipande kidogo kilichochomekwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta, na antena zake mbili hutokeza nyuma ya sanduku. Nilifanya yale ambayo kila mtu hufanya. Nilizima na kuwasha. Nilikaza antena. Nilichukua bisibisi, nikaichomoa kadi, nikaifuta kwa kitambaa kikavu na kuirudisha mahali pake. Niliifuta draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi, nikapakua nyingine kwa simu na kuihamisha kwa waya. Hakuna kilichobadilika. Fundi niliyempigia simu hakuona haja hata ya kuja kuitazama. “Hiyo imekufa, mwalimu. Umeme ulirudi kwa nguvu. Andaa elfu sitini.”

Wakati huo kijana alikuwa na maombi ya chuo ya kujaza mtandaoni, na muda wa kuyapokea ulikuwa unakwisha Ijumaa. Aliyajaza kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, akiukuza kila ukurasa kwa vidole viwili ili aweze kuusoma. Aliposogea uani kukwepa macho yangu, akatumia bando alilolinunua kwa fedha zake mwenyewe. Nilimwona, nikapita.

Jumanne usiku alisimama mlangoni. “Mjomba, samahani. Kama kadi imekufa, haya majina ya mitandao ya majirani yanasomwa na nani?”

Nikatazama. Kwenye kioo cha kompyuta ilikuwamo mitandao tisa, ukiwamo wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wetu tu ndio haukuwamo. Nilikuwa nimeiona orodha hiyo mara ishirini kwa siku nne, lakini kila mara nilitafuta jina langu tu.

Tulikaa pamoja, tukafungua mipangilio ya ruta kwa simu. Ruta ilikuwa imeachiwa ijichagulie chaneli, na umeme uliporudi ilikuwa imechagua ya 13. Ilikuwa na sababu. Katika masafa ya gigahezi 2.4, majirani zetu wote wamejazana kwenye chaneli ya 1, ya 6 na ya 11, nayo ikakimbilia kwenye nafasi. Nchi nyingi, zikiwamo za Ulaya, hutumia chaneli 1 hadi 13. Vifaa vinavyouzwa Marekani kwa kawaida huishia ya 11, kwa kuwa juu ya megahezi 2483.5 huko kuna masafa yanayolindwa, na watengenezaji hawataki kuyasogelea. Kompyuta yetu ni ya mtumba, imetoka Marekani, na kadi yake ina kanuni ya huko iliyoandikwa ndani yake. Tulibadili nchi kwenye mipangilio ya kompyuta, tukaweka Tanzania. Kadi haikujali. Haikuwa mbovu hata kidogo. Kwake chaneli ya 13 haipo, basi.

Kwa mgawanyo wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, Afrika na Ulaya zimo katika kanda ya kwanza ya mawimbi, na mabara ya Amerika katika kanda ya pili. Mashine yetu ilivuka kutoka kanda moja hadi nyingine ndani ya kontena, ikaja na sheria yake, na ndani ya nyumba yangu hakuna aliyejua kwamba kuna sheria.

Usiku ule nilimkumbuka bibi mmoja niliyepanga foleni nyuma yake katika ofisi fulani ya umma. Alikuwa mkulima, na mashine ya alama za vidole haikuvisoma vidole vyake. Karani, kijana mpole tu, alimwambia arudi siku nyingine baada ya kupaka mafuta. “Mikono yako ndiyo tatizo, bibi.” Bibi aliitazama mikono yake kana kwamba ameiona kwa mara ya kwanza, akaifunga ndani ya khanga na kuondoka. Jembe husugua alama za vidole, hilo si siri, na aliyeamua mashine ile idai ngozi iliyo laini kiasi gani hakuwapo pale dirishani. Aliyekuwapo ni bibi. Mimi nilikasirika kimyakimya kwenye foleni, nikamlaumu karani moyoni hadi nilipofika nyumbani. Sasa sina hakika kama karani alikuwa na habari zaidi ya nilizokuwa nazo mimi na bisibisi yangu.

Kumwomba radhi mtoto wa dada yako si jambo ambalo wajomba wa kwetu wamelizoea. Nilianza kwa kumsifu, akanitazama akisubiri. Nikasema nilikosea, na kwamba nilimhukumu kwa sababu alikuwa karibu. Akasema, “Haina neno, mjomba,” kwa sauti ya mtu ambaye neno lipo. Nilitaka kumrudishia fedha ya bando, akakataa.

Maombi yake yalifika Alhamisi. Ruta tumeihamishia chaneli ya 11, kazi ya dakika moja, na kompyuta ikauona mtandao papo hapo. Saa mbili usiku, majirani wote wanapokuwa nyumbani, mtandao huwa mzito, na mpwa wangu huniuliza kama tuirudishe ya 13 ili simu zipumue. Bado hatujaamua.