Jina la Mama Kwenye Tiketi ya Manda

Kiwanja cha ndege cha Lamu hakimo Lamu. Kimo kisiwani Manda, ng'ambo ya mkondo, na msafiri hupanda boti kwanza ndipo apande ndege. Asubuhi ile bahari ilikuwa shwari. Mama alikaa katikati ya boti, buibui kalikusanya magotini lisirushiwe maji, mkononi kashika pochi yenye kitambulisho, kadi ya hospitali na tasbihi. Miadi yake ya kutolewa mtoto wa jicho, Mombasa, ilikuwa mchana wa siku ile ile, nasi tuliingojea tangu Shaabani. Njia ya gari ya Mokowe na Garsen mgongo wake hauiwezi tena.

Kwenye meza ya kupokelea abiria, kijana alitazama kitambulisho, akatazama orodha yake, akarudi kwenye kitambulisho.

"Mama, jina hili silo."

Kitambulisho kina jina lake, la babake na la babu yake, kwani kwetu mwanamke haiachi nasaba yake kwa ajili ya ndoa. Ndugu yangu, aliyekata tiketi kwa simu kutoka Nairobi, alimwandika kwa jina la marehemu baba. Ni mazoea ya ofisini, nadhani, ambako kila mke huitwa kwa mumewe. Nami niliipokea tiketi ile siku tisa kabla ya safari, nikatazama tarehe na saa, jina nisilisome.

"Mwanangu, huyu ndiye yeye," nilimwambia.

"Nakuamini, shangazi. Lakini jina la tiketi lazima lilingane na la hati."

Hakuwa mkali. Alituambia tumpigie aliyeuza tiketi alirekebishe kabla orodha haijafungwa. Ndugu yangu hakushika simu mara ya kwanza, wala ya pili.

Tulisogea pembeni, wengine wakapita. Mama mmoja aliyebeba mtoto mchanga alitoa cheti cha kuzaliwa kilichotiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kikavu kama kilivyotoka sandukuni. Mwanamke aliyevaa nikabu alimwomba askari wa kike amtazame uso faraghani. Wakaenda nyuma ya pazia, wakarudi wakizungumza habari za bei ya samaki. Mzee mmoja alikuwa na picha ya kitambulisho simuni tu, chenyewe kikiwa nyumbani Shela. Alirudi gatini mbio.

Nikawakumbuka Wapemba wa pwani yetu, waliokaa vizazi bila kitambulisho cha Kenya mpaka jamii yao ilipotambuliwa rasmi mwaka 2023. Kwao hata meza hii ilikuwa mbali. Sisi karatasi tulikuwa nayo. Macho ya kuisoma ndiyo tuliyoyasahau.

Mara ya tatu ndugu yangu alishika. Aliposikia, alinyamaza kidogo, kisha akaomba radhi kwa Mama, si kwangu.

"Babako namwombea rehema kila sala," Mama alimjibu, "lakini leo nasafiri kwa jina la babangu."

Tiketi ilirekebishwa abiria wa mwisho wakiwa wamekwisha kuitwa. Ada ya marekebisho tuliilipa palepale, na sikuona uchungu.

Ndani ya ndege Mama alinipa kadi ya kupandia nimsomee, maana herufi zile kwake ni ukungu. Nikayasoma majina yote matatu, lake, la babake na la babu yake. Akaniomba niyasome tena, polepole.