Theluthi ya Tatu

Mtu azamaye katika pango la maji hana uwazi juu ya kichwa chake. Juu yake pana mwamba, na hewa ya bure iko nyuma, mahali alipoingilia. Mzamiaji wa baharini akishikwa na hofu aweza, ijapokuwa kwa hatari, kukimbilia juu. Wa pangoni hana njia ila ile ile aliyojia. Kwa sababu hiyo wazamiaji wa chemchemi za Florida, katika Marekani, walijiwekea kanuni ambayo mtoto wa shule aweza kuifahamu: theluthi moja ya hewa ni ya kwenda, theluthi moja ni ya kurudi, na theluthi ya tatu haiguswi.

Sheck Exley, mwalimu wa hisabati katika jimbo hilo, alichunguza habari za watu waliokufa mapangoni, akaziandikia kitabu katika miaka ya 1970. Aliona makosa yale yale yakirudiwa: hapakuwa na kamba moja ya kuongoza hadi nje, hewa ya kurudi haikutosha, au kina kilipita kiasi. Miongoni mwa wafu walikuwamo hata walimu wa uzamiaji wa baharini. Uhodari hauongezi hewa mtungini.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya mzamiaji yataka kuhesabiwa upya, maana wengi huidhania kuwa ziada. Na ichukuliwe kwamba wawili wameingia na mitungi iliyo sawa, kila mmoja ukionyesha 210 katika kipimo cha shinikizo. Kila mtu ametumia 70, amebakiwa na 140, na sasa wageuka. Hapo hapo, mbali kabisa na mlango, mtungi wa mmoja waharibika na hewa yote yapotea. Ile 140 ya mwenziwe imekuwa ya watu wawili, na kila mmoja ahitaji 70 ili kufika nje. Hesabu yatimia bila kubakiza hata pumzi moja, tena kwa sharti kwamba watapumua kwa utulivu ule ule waliokuwa nao wakiingia. Ni nani apumuaye hivyo gizani, hali ananyonya hewa ya mwenziwe? Wakizidisha sehemu moja ya tano tu watahitaji 168, na hewa itawaishia wakiwa wamekwenda sehemu tano katika sita za njia. Theluthi ya tatu, basi, si ziada. Ni mali ya mwenzi iliyowekwa amana. Ndiyo maana wenye busara hugeuka mapema zaidi, hasa mahali ambapo hapana mkondo wa kuwasukuma kuelekea nje.

Kina nacho huila akiba. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo lipatalo kulingana na uzito wa hewa yote iliyo juu ya dunia, hata katika mita 40 pumzi moja huchukua hewa mara tano. Naitrojeni hulevya akili. Oksijeni ikizidi shinikizo huleta kifafa. Heli huchanganywa ili kupunguza ulevi, nayo mtu akishuka upesi katika kina kirefu sana humtetemesha viungo.

Tarehe 6 Aprili 1994 Exley na Jim Bowden walishuka, kila mmoja kwa kamba yake, katika shimo la maji la Zacatón, nchini Meksiko. Bowden aliona gesi imepungua kuliko alivyokadiria, akageuka katika kina cha mita 280 hivi, akaanza kupanda kwa saa nyingi. Exley hakurudi. Mwili wake ulipopatikana, kipimo chake kilionyesha zaidi ya mita 260.

Ni rahisi kusema kwamba aliisahau kanuni yake mwenyewe, lakini hukumu hiyo si ya haki. Katika kina kile kila pumzi hutumia gesi zaidi ya mara 25 ya ile itumikayo juu, na hakuna mgongo uwezao kubeba akiba ya kufidia kosa kubwa. Mtu aliyejifunza kwa wafu kwamba kila mzamiaji hukosea alishuka mahali pasipo na nafasi ya kukosea, naye alijua.

Huko Florida wazamiaji wa mapangoni hungali wakikagua vipimo vyao pamoja kabla ya kuingia. Yule mwenye hewa chache kuliko wote ndiye ambaye hewa yake hufanyiwa hesabu ya kundi zima.