Wao wana mvinyo, sisi tuna susa

Wiki hii simu imenijaza video za watu wanaotikisa glasi, wananusa, wanafunga macho, halafu wanatangaza eti mvinyo huu una nguvu, una moshi na pilipili manga. Mimi ni Mwislamu wa Rhamu, sijawahi kuonja na sina mpango. Lakini kuna jambo wanalosema ambalo nalielewa vizuri sana: shamba moja lina ladha yake, na ukichanganya zabibu za mashamba kumi, ile ladha inapotea.

Chukua La Landonne, mvinyo mwekundu wa Ufaransa wa nyumba ya Guigal, ulioanza na mavuno ya 1978. Zabibu zinatoka mteremko mmoja juu ya mto Rhône, kisha unalazwa miezi 42 kwenye mapipa mapya ya mwaloni. Miezi 42, wallahi! Na hata hapo mnunuzi anashauriwa auhifadhi miaka zaidi mahali pa baridi, maana ukiwa mchanga unakaba ulimi.

Sasa njoo kwetu kando ya Daua, ambapo ng'ambo tu ni Ethiopia. Susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachuka, hulala siku moja au mbili basi. Joto letu halina subira. Na usitegemee yagande kama mala ya ng'ombe. Yanabaki majimaji, makali, yanakufungua kifua.

Ladha inaanzia kwa kile ngamia alichokula. Akishinda kwenye vichaka vya chumvi, maziwa yana chumvi. Mvua ikinyesha na majani yakichipuka, mambo yanabadilika. Ayeyo wangu akipiga funda moja anakwambia ngamia hawa walikuwa upande gani wiki hii, na hana haja ya kufunga macho.

Halafu kuna chombo. Kile cha kusukwa kwa nyuzi za mizizi ndicho pipa letu la mwaloni. Unaingiza kijinga chenye moto, unakizungusha, unatoa, unafunika moshi ukae. Moshi unapunguza vijidudu na unaacha harufu yake. Kila nyumba ina mti inaoupenda, na wamama wanaweza kubishania huo mti mpaka magharibi.

Kinachoniuma ni mtungi wa njano wa plastiki, ule uliokuwa wa mafuta ya kupikia. Plastiki huwezi kuitia kijinga, itayeyuka. Mchuuzi anapita boma hadi boma, anamimina yote humo: yenye chumvi, matamu, yaliyofukizwa, hata ya yule aliyeongeza maji (mnamjua). Bei ni moja. Sasa mama aliyeamka alfajiri kufukiza chombo amepata nini? Binti yake naye ajifunze kusuka kwa ajili gani? Ukame wa 2021 na 2022 uliua mifugo wengi huku Mandera, na kwa nyumba nyingi maziwa ya ngamia waliobaki ndiyo karo na ndiyo unga.

Wafaransa wanaandika jina la mteremko kwenye chupa, na watu wanalipa kwa sababu ya hilo jina. Sisi hatuhitaji chupa. Tunahitaji mnunuzi anayeuliza. Ukipita sokoni Rhamu, kabla hujatoa pesa, muulize mama: haya ni ya boma la nani, na umefukiza kwa mti gani? Akikujibu bila kufikiria, mwongezee shilingi kumi.