Kwa Mpwa Wangu Aliyeko Mbalizi, juu ya Neno Alilolisema

Kalenga, Iringa

Mpwa wangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo: mguu wa mama yako umepungua maumivu, mahindi ya bondeni yamekwisha vunwa, na dada yako mdogo amejifungua salama mtoto wa kiume. Hayo yatosha, maana siyo yaliyonishikisha kalamu.

Nimeletewa habari, na mtu asiye na desturi ya kuzua, kwamba tangu ajali ile ya mteremko wa Iwambi, alipofariki utingo wako nawe ukatoka mzima, usiku hulali, gari hupandi, simu za mama yako huzipokei. Na kwamba jioni moja kilabuni, mbele ya watu waliokwisha lewa, ulisema ya kuwa mwanamume wa Uhehe akishindwa hujimaliza mwenyewe kama alivyofanya Mkwawa. Waliokuwapo walicheka wakakuagizia lita nyingine. Mimi sikucheka, na tangu nilipolisikia neno hilo usingizi wangu nao umekuwa haba.

Umelitaja jina kubwa, nami niliyezaliwa 1954, mwaka ule ule fuvu lake liliporejeshwa hapa Kalenga kutoka Ujerumani na kupokewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, siwezi kukuachia ulitumie nusunusu. Habari za Lugalo, Agosti 1891, ambako Mjerumani Zelewski na askari wake waliangamia, ulizisikia ungali mgongoni. Nakukumbusha yale yasiyosimuliwa kilabuni: ya kwamba ngome ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894, naye Mtwa Mkwawa hakufa hata Julai 1898. Miaka ile karibu minne aliishi kwa auni ya watu. Ingawa Wajerumani waliahidi rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake, walikuwapo waliompelekea chakula gizani, waliompitishia habari, waliomsitiri hali wakijua adhabu itakayowapata wakibainika. Na ule mwisho unaoufanya hoja ulimfika alipokuwa mgonjwa, amefuatwa mpaka Mlambalasi, na wale watu wamekwisha mtoka mmoja mmoja, kwa kuuawa, kwa kukamatwa, au kwa njaa. Yeye aliyekuwa akimtafuta ni adui mwenye bunduki. Wewe anayekutafuta ni mama yako.

Sasa nikusimulie jambo ambalo hata yeye mama yako halijui lote. Tuliporudi kutoka vita vya Uganda mwaka 1979, vijana kadhaa wa vijiji hivi, wa jeshi na wa mgambo, tulipokewa kwa ngoma na vigelegele, na ilikuwa haki yetu, kwa kuwa Kagera tuliikomboa na Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Lakini ngoma zilipokwisha, kila mtu alikwenda kwake na usiku wake. Mwenzetu mmoja, seremala hodari kabla ya vita, alikuwa akiamka usiku wa manane akichimba handaki nyuma ya nyumba, akimsihi mkewe na watoto waingie kabla mizinga haijaanza. Wako waliosema amerogwa, na wako waliosema damu ya watu wa kule yamdai. Akapelekwa kwa waganga, mbuzi wakaisha zizini, na handaki likazidi kurefuka. Kisha akaacha kuchimba. Akanyamaza, akaanza kugawa zana zake za kazi, msumeno kwa huyu, nyundo kwa yule, na watu wakausifu ukarimu wake.

Aliyetambua maana ya ukarimu ule alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuwa askari wa Keya, aliyepigana Burma katika vita vya Hitler, mtu ambaye kwa zaidi ya miaka 30 hakupata kusikika akiitaja nchi hiyo. Alikwenda kwa seremala alfajiri, hakumwuliza kitu, akaketi ukingoni mwa handaki akamwambia, "Na mimi nilichimba." Tena siku ile ile akatuita sisi wengine tuliokuwa vitani, akatukalisha kibarazani kwake tukipukuchua mahindi, kwa kuwa alijua ya kuwa mwanamume husema kwa wepesi zaidi mikono yake ikiwa na kazi na macho yake yakiwa na pa kutazama. Alituwekea masharti: ulanzi usitangulie maneno, anayelia asichekwe, lisemwalo pale lisifike kwa wake zetu wala kilabuni, na asiyetokea afuatwe kwake kabla jua halijatua. Wa kwanza kulia hakuwa seremala. Alikuwa sajini wetu, mtu ambaye kule Lukaya, katika usiku mbaya kuliko zote nilizoziona, hakuinamisha kichwa. Alipolia yeye, sisi tuliobaki tulijua ya kuwa tuna ruhusa.

Hata hivyo mazungumzo peke yake hayakumtosha seremala, wala yule mzee hakuwa na kiburi cha kudhani yangemtosha. Alisema ugonjwa huu una waganguzi wake waliousomea, na kwamba kazi yetu ni kumfikisha kwao na kumngoja. Tukachanga nauli, na mimi na sajini tukampeleka Dodoma kwa njia ya Mtera, hadi Mirembe, jina ambalo mpaka leo watu hulitumia kwa dhihaka na ambalo mimi hulitamka kwa staha. Alitibiwa, akarudi na dawa, na kwa muda mrefu tulipokezana kumkumbusha kuzimeza. Zana zake alirudishiwa na kila mmoja aliyepewa. Randa iliyokuwa kwangu niliirudisha mwenyewe. Kabati lililomo chumbani kwa mama yako ni kazi ya mikono yake baada ya maradhi, nawe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukijificha ndani yake.

Basi ninaposikia kwamba usiku waisikia breki ya gari ambalo halipo, sishangai, wala sidhani umekuwa dhaifu. Madaktari siku hizi huliita jambo hilo kiwewe, na ile simanzi isiyokwisha huiita sonona, na hapo Mbeya, katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda, wapo wanaotibu magonjwa ya akili. Hulazimiki kwenda mbali kama sisi. Najua wako wanaume wanaofumba midomo kwa sababu Kanuni ya Adhabu ingali ikihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kwa rai yangu sheria hiyo, tuliyoirithi kwa Mwingereza, humtisha mgonjwa pale anapohitaji nusura, nami ningefurahi kuiona ikifutwa ningali hai; lakini kusema kwamba unaumwa si kosa mbele ya hakimu yeyote.

Baba zako wakubwa wamenipigia simu kuniambia nikuache, kwamba mwanamume hujikaza. Watu ambao hata leo hawajamaliza mahari ya dada yangu hawana fatwa ya kunipa juu ya mtoto wake.

Kumbuka zana za seremala: kiwanja chako usikiuze, hata ukipata bei nzuri. Pombe kali isiingie chumbani mwako. Tajiri wa gari akikuhimiza urudi barabarani, mwambie mjomba wako hajaruhusu.

Nalirudia lile neno la kilabuni, kwa kuwa haliniondoki. Nakuuliza waziwazi, kama mzee wa Keya alivyokuja kumwuliza seremala mbele yetu kibarazani: je, umekusudia kujitoa uhai? Nijibu kwa ndiyo au kwa la. Nipigie usiku wowote, saa yoyote. Sitaghadhibika, sitakuhubiria, na utakalosema halitafika kwa mama yako ila kwa idhini yako. Na ikiwa jibu ni ndiyo, usikae peke yako hata saa moja. Nenda kwa yule jirani yako fundi wa matairi, nimekwisha sema naye, ukeshe kwake.

Jumamosi, Mwenyezi Mungu akipenda, nitapanda basi la alfajiri, na seremala mwenyewe, ijapokuwa magoti yake hayamtii tena, amekataa kubaki nyuma. Utupokee stendi ya Nane Nane. Jumapili tutakwenda sote watatu Igurusi, kwa baba wa marehemu utingo wako, mahali ambapo nimeambiwa hujaweza kutia mguu tangu mazishi. Nimekwisha zungumza naye. Amesema hana kinyongo nawe, na kwamba anataka kusikia kutoka kinywani mwako maneno ya mwisho aliyoyasema mwanawe. Hutalazimika kuanza wewe, mimi nitaanza. Unga na maharage tunakuja navyo, usinunue kitu.

Mjomba wako