Kabla hatujafuta picha

Ndugu zetu, Google ikituambia nafasi imejaa, tusikimbilie kufuta. Bure ni GB 15, na barua pepe zinakula humo humo. Sasa angalieni: picha iliyohifadhiwa mtandaoni, ukiifuta ndani ya Google Photos, inatoka mtandaoni na kwenye simu pia. Inakaa kwenye pipa la taka siku 60, halafu basi, hairudi. Sisi hapa Buwenge tunaanza na zile video za kuchekesha. Picha za Bukavu, za nyumba ambayo hatuna tena, tunazihamishia kwanza kwenye memori kadi, tunazifungua moja moja kuhakikisha. Ile ya koko wa mwenzetu, amesimama mlangoni, sasa iko kwenye simu tatu.