Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Muscat

Hanga, Namtumbo

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, isipokuwa mama yako, ambaye tangu visa yako itoke hapati usingizi. Wadogo zako wako kwenye bani la kukaushia tumbaku wanatundika majani. Mimi nimetoka humo sasa hivi, macho yananiwasha kwa moshi, nikaona heri nikae niandike kabla hujapanda basi la Dar es Salaam. Tuliyokwisha kuyasema juzi siyarudii. Nina mawili tu, fedha na sigara, kwa kuwa hayo ndiyo mtoto wa Hanga huondoka nayo akidhani anayajua.

Dola umeisikia tangu ukiwa mdogo. Tumbaku yetu bei yake hutajwa kwa dola, mkulima akalipwa kwa shilingi, na wewe mwenyewe umeshuhudia pale chama cha msingi watu wakigombana zaidi juu ya kiwango cha kubadilishia kuliko wanavyogombania daraja la majani. Walikuwa na haki. Bei nzuri kwenye karatasi haina maana mpaka ujue zimeingia shilingi ngapi mfukoni. Ukilikumbuka hilo ukiwa huko Muscat, Oman, nusu ya barua hii unaweza kuichana.

Unajua kwamba kazi yangu ilikuwa ya dirishani benki. Enzi zetu fedha za kigeni zilikuwa za kuogopwa. Mwaka 1983, ulipopita msako wa wahujumu uchumi, mtu alikutwa na dola chini ya godoro akapotea nyumbani kwa muda mrefu. Maduka ya kubadilisha fedha yalikuja kuruhusiwa mwaka 1992, na vijana wa leo mnadhani yamekuwepo tangu Adamu. Juzi juzi tu, 2018 na 2019, serikali iliyaingilia kwa kishindo Arusha na Dar es Salaam, na mengi yakafungwa. Nakueleza haya ili usinicheke ninapokuhimiza risiti. Nunua dola zako benki au duka lenye leseni, uchukue karatasi yako. Yule kijana wa Kariakoo anayekuongezea shilingi kidogo juu ya bei ya benki, mwache na wateja wake.

Ukipewa noti usione haya kuzikagua hapo hapo mbele ya keshia. Zitandaze moja moja. Omba zile za mia zenye utepe wa buluu katikati, zilizoanza kutoka mwaka 2013. Iliyochanika pembeni, iliyoandikwa kwa kalamu au kugongwa mhuri, irudishe. Marekani yenyewe haijafuta noti zake za zamani, lakini wabadilishaji wengi wa kwetu huzikataa, na wewe huna muda wa kubishana nao kuhusu sheria za Marekani. Za kwako usizikunje mara nne ukazifutika kwenye soksi. Ziweke bapa ndani ya daftari.

Jambo jingine dogo lenye hatari kubwa: uwanja wa ndege atakuja mtu mwenye sura ya heshima akuombe umbebee bahasha ya ndugu yake. Kwa sheria yetu, anayevuka mpaka na dola 10,000 au zaidi lazima azitangaze forodhani. Wewe hujawahi kuziona fedha hizo, lakini hujui zilizomo kwenye bahasha ya mwenzio. Kataa kwa adabu.

Ukifika, utakutana na riali ya Oman. Ni fedha nzito. Tangu mwaka 1986 imefungwa kwenye dola, riali moja ni kama dola mbili na senti 60, wala haiyumbi. Imegawanywa katika baisa 1,000, kwa hiyo kwenye risiti zao utaona tarakimu tatu baada ya nukta. Palipoandikwa 1.500 usisome elfu moja na mia tano; ni riali moja na nusu. Mgeni hupumbazwa na udogo wa namba. Anaona chakula cha riali tatu, anasema rahisi, kumbe ameshakula hela ya debe la mahindi la huku Hanga. Pia chunga jina. Yemen wana riali, Iran wana riali, na thamani yake ukilinganisha na ya Oman ni ya kusikitisha. Chenji ya mtaani isome maandishi yake, kwani upande mmoja wa noti za Oman una Kiingereza. Na kama kuna jamaa atakayekupa riali alizozihifadhi tangu alipofanya kazi kule zamani, mshukuru, usizitegemee: Benki Kuu ya Oman ilitangaza mwanzoni mwa 2024 kuziondoa noti kadhaa za matoleo ya zamani.

Wakati wa kutuma nyumbani, utazikuta kampuni za kubadili fedha zimejipanga pale mtaa wa Ruwi, nyingine zikijisifu hazitozi ada. Usiulize ada. Weka riali zako mezani, uliza: zitafika shilingi ngapi Tanzania? Uliza dirisha la pili swali hilo hilo. Faida yao wameificha kwenye kiwango, kama mnunuzi anayekusifia tumbaku huku kidole kiko kwenye mizani. Na ukilipa kwa kadi, mashine ikakuuliza ukatwe kwa shilingi au kwa riali, chagua riali.

Sasa sigara. Sikwambii uache, bati za nyumba hii zimelipwa na tumbaku, nitakuwa mnafiki. Ila kule si Hanga, ambako mtu anawasha popote na mzee wa jirani anamwomba kiberiti.

Kwenye ndege huvuti kabisa. Utaingia chooni, utakuta kisahani cha majivu mlangoni, na shetani atakuambia mbona wamekiweka. Kimewekwa kwa ajili ya mkaidi, asije akatupa kichungi kwenye pipa la karatasi. Mwaka 1973 ndege ya Varig ya Brazil iliwaka moto ulioanzia chooni, ikatua kwa dharura shambani karibu na Paris. Walikufa watu 123. Siku hizi mle kuna kifaa cha kunusa moshi, na ukishuka utakuta polisi wanakungoja.

Muscat nako kuvuta ndani ya majengo ya umma kumezuiwa tangu 2010. Sigara za kielektroniki biashara yake ni marufuku, kwa hiyo kile kidude ulichonunua Mbeya kiache. Tumbaku ya kutafuna ni marufuku pia, na sioni sababu ya kujaribu kumfafanulia ofisa wa forodha kwamba kikopo cha ugoro wa babu ni kitu kingine. Wala usiwabebee watu jani letu kama zawadi, hata wakikuomba kwa machozi. Mwezi wa Ramadhani, mchana, hadharani, hakuna kula, kunywa wala kuvuta, uwe Mwislamu au Mkatoliki uliyefunzwa ufundi na watawa wa Hanga. Kwao hilo ni kosa la kifungo. Tena tangu 2019 tumbaku kule inatozwa ushuru wa asilimia 100. Pakiti moja kwa siku, piga hesabu mwenyewe kwa riali, halafu uigeuze shilingi.

Dola ulizoniagiza nimekununulia Songea, anakuletea dada yako Jumamosi. Risiti imo ndani ya bahasha, imeandikwa jina lako. Zihesabu mbele yake, kisha unipigie.

Ni mimi baba yako mkubwa.