Ya Dukani au ya Kuunda: Hesabu ya Kompyuta ya Nyumba Yetu

Watu wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa tofauti iliyopo baina ya kitu kilicho tayari na kitu cha kutengenezesha. Mtu akitaka nguo ya Idi, ama atanunua iliyokwisha kushonwa, ama ataingia Biashara Street achague kitambaa, kisha ampelekee fundi. Anayechukua ya tayari huondoka nayo saa ile ile. Anayeshonesha hungoja, lakini mabega humkaa sawa, na akinenepa mwaka ujao upo upindo wa kuachilia. Kompyuta ya mezani nayo ina njia hizo mbili. Ya kwanza inajulikana na kila nyumba. Ya pili, yaani kununua vipande na kuviunganisha wenyewe, aghalabu huachiwa vijana wapendao michezo ya video, kana kwamba haiwahusu akina mama wenye matumizi ya kuchunga.

Sisi jambo hili lilitufika kwa sababu ya binti yetu, anayesomea uchoraji wa majengo na yuko mwaka wa tatu. Miaka miwili ya kwanza aliisukuma kwa laptopu ndogo aliyoazimwa na shangazi yake. Mwaka wa tatu ukaja na kazi za Revit, programu inayochora jengo zima kwa pande zake zote, na ile laptopu ikawa inaganda katikati ya mchoro. Mara mbili kazi yake ilifika baada ya saa iliyowekwa, na alama zikakatwa. Fedha tuliyokuwa nayo ni shilingi 75,000, zamu yetu katika mchezo wa akina mama wa mtaani, na zamu hiyo hairudi ila baada ya mwaka mzima. Baba wa watoto yuko Oman, na anachotuma kila mwezi kimekwisha kugawanywa kwenye kodi, karo na chakula kabla hakijafika. Kwa hivyo tulikuwa na nafasi moja tu ya kununua.

Madukani tulioneshwa kompyuta zilizotumika katika ofisi za Ulaya kisha zikasafishwa na kuletwa huku: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Hatuna neno baya juu yake. Ziliundwa zifanye kazi mchana kutwa kwa miaka, hazina kelele, na bei yake ni ya huruma. Ila anayezinunua na aangalie jambo moja kabla hajafungua mkoba. Microsoft ilisimamisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa prosesa za Intel Core, kwa jumla hukubali kuanzia kizazi cha 8. Kizazi husomeka katika jina lenyewe: i5-8500 ni ya kizazi cha 8, i5-6500 ni ya 6. Zote mbili hukaa katika kasha linalofanana, na muuzaji mwaminifu atakwambia ipi ni ipi bila ya kuulizwa. Si wote watakaokwambia.

Aliyetuzindua zaidi ni ami yao watoto, fundi wa majokofu, ambaye umeme anaujua kuliko kompyuta.

"Shemeji," alituambia, "hii nyembamba ni nzuri, lakini muulizeni mwenye duka: huyu mtoto mwakani akihitaji kadi ya michoro, itaingia?"

Tukauliza. Jibu lilikuwa la kusitasita, na baadaye tulielewa kwa nini. Kompyuta nyingi za ofisini zilizo nyembamba zina kisanduku cha umeme chenye umbo la mtengenezaji wake mwenyewe, na bodi kuu, ile mafundi waiitayo madabodi, ni ya umbo lake pia. Kadi ya michoro itakayoingia humo ni lazima iwe fupi na isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, maana tundu inamochomekwa hutoa wati 75, basi. Kisanduku kikiungua, hutaweza kuchukua chochote kilichoko rafuni; utatafuta cha aina ile ile au utakaa na kasha tupu.

Kompyuta ya kuunda haina kifungo hicho, na sababu yake ni ya zamani. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya kwanza ya binafsi, iliikusanya kwa vipande vingi vya watengenezaji wengine, na wengine hao wakaendelea kuviuza. Mwaka 1995 Intel ikatoa kipimo kiitwacho ATX, kinachosema bodi iwe na upana gani na matundu yake ya skrubu yakae wapi. Ndiyo maana leo kasha lililotengenezwa na huyu hupokea bodi ya yule, na kisanduku cha umeme cha mtu wa tatu kikaingia bila ya kupigwa tupa.

Lililotuvuta hasa, hata hivyo, lilikuwa deni. Duka moja lilikuwa na kompyuta mpya, kamili, yenye nguvu ya kutosha, kwa malipo ya kila mwezi pamoja na nyongeza. Nyongeza ile ni riba, na nyumba yetu haingii humo. Kuunda kukaonekana ndiyo mlango wa halali wa mtu asiye na fedha yote kwa mkupuo: leo kasha, mwezi ujao prosesa, mwezi wa tatu memori, taratibu kama anayejenga kwa matofali.

Kabla hatujanunua hata skrubu, muuza vipande mmoja alitutanabahisha. Waranti huhesabiwa tangu siku ya risiti, na kipande kimoja hakijaribiki peke yake. Bodi utakayoinunua leo na kuiweka kabatini hadi mwezi wa sita ukingoja prosesa, ukija kuiwasha ikawa mbovu, muda wa kuirudisha huenda umekwisha. Alitushauri tununue kwa siku moja vile visivyoweza kuwaka kimoja bila ya chenzake, yaani bodi, prosesa, memori, diski na kisanduku cha umeme, na tuvijaribu wiki hiyo hiyo. Cha kungoja kiwe kile ambacho kompyuta inaweza kuishi bila yake. Tunaona ushauri huu una thamani kuliko bei yoyote tuliyopunguziwa.

Tulichukua Ryzen 5 5600G, prosesa iliyotoka mwaka 2021, yenye viini 6 na uwezo wa kuonesha picha ndani yake yenyewe. Kadi ya michoro ndiyo iliyoachwa ingoje. Memori tulichukua GB 16, na tukasisitiza ziwe mbili za GB 8 na si moja ya 16, kwa kuwa prosesa ya namna hii hutumia memori hiyo hiyo kuchorea, na zikiwa mbili njia ya kupita data huwa pana zaidi. Kioo kilikuwa cha mtumba. Kibodi ilitoka kwa ami.

Hapa inafaa tutaje gharama ambayo wasifiaji wa kuunda huipita kimya. Kompyuta ya ofisini kwa kawaida huja na leseni ya Windows. Ya kuunda huja tupu. Wapo wanaokuwekea Windows ya wizi kwa bei ya soda, na wengi wetu tumeizoea hata hatuioni kuwa ni mali ya mtu. Tuliihesabu leseni katika zile 75,000, na tofauti ya bei tuliyokuwa tukiifurahia ikapungua mno. Ubuntu ni ya bure na ya halali, na kwa nyumba ya kuandika barua na kusoma inatosha; lakini Revit haikubali ila Windows. Revit yenyewe mwanafunzi hupewa bure na Autodesk kwa mwaka mmoja mmoja, akithibitisha kuwa yuko chuoni.

Mahali tulipokataa kubana ni kisanduku cha umeme. Stima yetu hukatika na kurudi kwa kishindo, na kisanduku cha bei ya chini kikifa huweza kuondoka na bodi na diski. Tuliacha kasha la kioo lenye taa za rangi alilolipenda mdogo wake, tukachukua la bati lisilo na urembo, lenye vichujio vya vumbi vinavyotoka na kuoshwa. Vumbi letu lina chumvi ya bahari, na chumvi hula chuma.

Kuunganisha kulifanyika juu ya meza ya chakula baada ya alasiri, binti akiongoza na ami akishika tochi. Prosesa ile ina sindano ndogo mno upande wa chini, na kona moja ina alama ya pembetatu ya dhahabu inayokutana na alama nyingine kwenye bodi. Ikikutanishwa hivyo, hushuka yenyewe bila ya kusukumwa. Memori ndiyo yenye kuhitaji kidole kigumu, mpaka isikike ikilia. Tangu kufungua maboksi hadi kioo kuwaka ilipita Magharibi na tukakaribia Isha.

Tukiulizwa, na tumekwisha kuulizwa na majirani, hatumwambii kila mtu aunde. Nyumba inayotaka kompyuta ya hesabu za biashara, masomo ya watoto na kuzungumza na aliye mbali, na ichukue ya ofisini ya kizazi cha 8 au zaidi, yenye waranti ya duka moja. Ikiharibika, kuna mtu mmoja wa kumwendea. Ya kuunda ina risiti tano za maduka manne, na ni wewe unayetakiwa kujua nani alaumiwe. Yafaa pale penye kazi nzito inayokua, na penye mtu ndani ya nyumba aliye tayari kuijua. Kwetu mtu huyo ni binti, na sasa akina mama wawili wa mchezo wetu humwita awasafishie feni na kuwabadilishia dawa ya kupozea prosesa.

Kadi ya michoro bado. Tundu yake imefunikwa kwa kibati, na zamu yetu ya mchezo ni ya saba kutoka sasa. Mradi wa mwisho wa chuo unaanza kabla ya hapo, naye anasema ataugawa mchoro wake vipande viwili hadi siku hiyo ifike.